JOSEPH MURUMBI: Aliacha umakamu wa rais, akatuachia nyumba iliyojaa Afrika

KAMA umewahi kupanda matatu Chepilat alfajiri ukielekea Nairobi, unaijua safari. Unapita Sotik, unapita Bomet, usingizi unakushika Narok, unazinduka mkipanda Mai Mahiu. Njiani kuna mabango yanayokuhesabia kilomita zilizobaki. Sasa nikuulize, ushawahi kujiuliza hizo kilomita zinaishia wapi hasa? Stejini? Mnarani KICC?

Zinaishia mlangoni pa nyumba moja ndogo ya mawe, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, chini ya kivuli cha Nyayo House. Hapo ndipo sufuri. Barabara za nchi hii zilipimwa kuanzia hapo. Umepita hapo mara ngapi ukikimbilia mambo yako na hujawahi kugeuza shingo? Usijali, hata mimi nilipita miaka.

Nyumba hiyo ilijengwa 1913, enzi za mkoloni, ikawa ofisi ya mkuu wa mkoa. Watu walienda kuandikisha watoto waliozaliwa, kufunga ndoa na kuripoti waliofariki. Maisha yote ya binadamu, kuanzia kilio cha kwanza hadi cha mwisho, chini ya paa moja. Leo inaitwa Nairobi Gallery na inasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa. Ndani si pakubwa. Ni vyumba vidogo ambavyo ukipiga chafya cha huku, wa kile kingine anakwambia afya. Lakini humo mna vinyago, vitambaa, mapambo, picha na stempu kutoka kila pembe ya Afrika, na vingi vilikuwa mali ya mtu mmoja na mkewe. Jina la mtu huyo ni Joseph Murumbi.

Shuleni ulifundishwa jina lake kwa sekunde mbili hivi. Makamu wa kwanza wa rais ni Jaramogi Oginga Odinga, wa pili ni Joseph Murumbi, wa tatu ni Daniel arap Moi. Basi, endelea na somo. Huyu wa katikati tunamruka kama dimbwi la maji. Leo hatumruki.

Mtoto wa pande mbili

Murumbi alizaliwa 18 Juni 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa wa jina la Zuzarte, yaani mtu wa asili ya Goa, sehemu ya pwani ya India iliyotawaliwa na Wareno. Mama yake alikuwa Mmaasai wa ukoo wa Uasin Gishu, binti wa laiboni. Kwa hivyo alikuja duniani akiwa Joseph Anthony Zuzarte, damu moja ya dukani na nyingine ya manyattani.

Wewe wa Chepilat unajua maana ya kuwa mtoto wa pande mbili. Pale kwetu barabara moja tu ndiyo mpaka. Upande huu Bomet, upande ule Nyamira. Huku unasalimiwa Kikipsigis, ukivuka kununua ndizi unajibiwa Ekegusii, na kuna watoto wengi ambao nyanya mmoja yuko huku na mwingine kule. Siku za amani hakuna anayekuuliza wewe ni wa wapi. Lakini mapema 2008 vibanda vilipowaka moto, swali hilo ndilo lilikuwa la kwanza, na kuna waliokosa jibu lililowatosha walioliuliza. Shika hilo mkononi, kwa sababu Murumbi aliulizwa swali hilo hilo maisha yake yote.

Akiwa bado mdogo, baba alimpeleka India kusoma. Si likizo ya mwezi mmoja. Alikulia huko, shule za bweni za wamisheni, mbali na mama yake na lugha ya mama yake, akarudi Kenya akiwa tayari kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hebu fikiria: unarudi kwenu na kwenu hukujui, na kwenu hakukujui.

Wakati huo serikali ya mkoloni ilikuwa imepanga watu kama magunia ya mahindi. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mishahara ilifuata mpangilio huo, pia shule, mitaa ya kuishi, hata vyoo. Murumbi alikuwa na jina la Zuzarte na elimu ya India. Angejikalia daraja la katikati, ale mshahara wake polepole, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alichagua upande wa mama yake. Alianza kujitambulisha kama Mwafrika na mwishowe akachukua jina la Murumbi, la ukoo wa mama. Watu wengi wakibadilisha majina hutafuta kupanda. Yeye alibadilisha lake akashuka daraja, akijua.

Kutoka Mogadishu hadi London

Kati ya 1941 na 1951 alifanya kazi Somalia, ambayo Waingereza walikuwa wamewanyang'anya Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliporudi nyumbani 1952, Kenya ilikuwa jikoni na moto umeshika. Chama kilichobeba matumaini ya Waafrika kilikuwa KAU. Murumbi akajiunga.

Kisha usiku wa 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Jomo Kenyatta akakamatwa, na pamoja naye Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Kwa siku chache tu, uongozi wa chama ukawa umefagiliwa. Nani abaki ofisini? Murumbi, mgeni wa juzi katika siasa, akajikuta kaimu katibu mkuu wa KAU. Yeye na rafiki yake Pio Gama Pinto, Mgoa mwingine aliyejitoa mhanga kwa nchi hii, walikuwa miongoni mwa walioshughulikia utetezi wa washtakiwa wa Kapenguria, kesi iliyomleta wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza.

Kufikia 1953 ilikuwa wazi kwamba zamu yake ya pingu inakaribia. Akaondoka nchini, akapitia India na Misri, akatua London. Alidhani labda ni miezi. Ikawa takriban miaka 9.

Uhamishoni hakulala. Alifanya kazi na Fenner Brockway, mbunge Mwingereza aliyepinga ukoloni, katika vuguvugu la kutetea uhuru wa makoloni. Baadaye akapata kazi katika ubalozi wa Morocco huko London. Pia alikutana na Sheila, Mwingereza, ambaye angekuwa mwenzi wake hadi kifo.

Na ni huko London ndiko ugonjwa wake mzuri ulikoanza. Murumbi alianza kununua vitabu kuhusu Afrika. Mwanzo ni kimoja, halafu viwili, halafu rafu, halafu chumba. Mtu yuko uhamishoni, hana nchi, mshahara wenyewe wa kubangaiza, na bado anaingia duka la vitabu vikuukuu na kutoka na kitabu cha safari za wazungu wa karne ya 19 walioandika kuhusu watu wake.

Ukimuuliza mjanja wa mtaani atakwambia huo ni ufala. Lakini fikiria upya. Historia ya babu zetu ilikuwa imeandikwa na wageni, imechapwa kwa wageni, inauzwa kwa wageni. Barua zetu, ramani zetu, vinyago vyetu, vyote vilikuwa kwenye makabati ya watu wengine. Murumbi aliona kwamba siku Kenya itakapopata uhuru itakuwa na bendera na wimbo, lakini haitakuwa na kumbukumbu. Basi akaanza kuinunua kumbukumbu hiyo, kitabu baada ya kitabu.

Kiti alichokiacha

Alirudi Kenya 1962. Mwaka uliofuata akachaguliwa mbunge wa Nairobi Kusini kwa tiketi ya KANU. Mwaka 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kazi ya kuifungulia Kenya milango duniani. Mawaziri wakisafiri siku hizi tunajua wanarudi na nini. Murumbi alirudi na vinyago, vitambaa na michoro, na akiwa huko alitafuta wasanii wenyewe, watu kama Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, wakati ambapo matajiri wengi wa Afrika waliona sanaa ya Kiafrika ni kitu cha kumuuzia mtalii.

Halafu ikaja Februari 24, 1965. Pio Gama Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, akiwa ndani ya gari na binti yake mdogo. Yalikuwa mauaji ya kwanza ya kisiasa katika Kenya huru, miezi 14 tu baada ya bendera kupandishwa. Kwa Murumbi, aliyeuawa hakuwa tu mwanasiasa mwenzake. Alikuwa rafiki wa damu, mtu waliyeshika naye usukani wakati wengine wote wako jela.

Mwaka uliofuata Odinga alijiuzulu, na Mei 1966 Kenyatta akamteua Murumbi kuwa makamu wake. Mtoto wa pande mbili, aliyewahi kukosa hata jina la kujiita, sasa alikuwa hatua moja kutoka ikulu. Wewe ungefanya nini? Mimi kusema kweli ningenunua suti mpya na kunyamaza.

Murumbi aliacha kazi kabla ya mwaka kuisha. Hadharani ilielezwa kuwa ni afya. Waliomjua vizuri wamesema kwa miaka mingi kwamba moyo wake ulikuwa umevunjika: kifo cha Pinto, na mashamba na mali vilivyoanza kuwaendea wachache waliokuwa karibu na meza. Lolote lililokuwa moyoni mwake, ukweli unaoonekana kwa macho ni huu: alisimama akatoka, bila kupiga kelele, bila kuunda chama, na hakurudi tena kwenye siasa. Nafasi yake akapewa Moi, na yaliyofuata unayajua.

Baada ya hapo aliingia biashara, akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans hapa Kenya. Si malaika, ni binadamu. Ila pesa alizopata zilienda kulekule kwa kawaida.

Nyumba ya Muthaiga

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Murumbi alikutana na Alan Donovan, Mmarekani kijana aliyekuwa amezunguka Turkana akikusanya kazi za mikono za watu wa huko. Wakaelewana mara moja. Wao wawili na Sheila wakaanzisha African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa jijini Nairobi uliouza na kuonyesha kazi kutoka bara zima. Kisha sanaa ikavuka kuta: kukawa na maonyesho ya mavazi yaliyozunguka ng'ambo, na bendi ya African Heritage, ambamo alipitia Ayub Ogada. Kama umewahi kusikia Kothbiro kwenye filamu ya The Constant Gardener ukasisimka mwili, basi nawe umeonja chungu kilichopikwa na Murumbi.

Nyumbani kwake Muthaiga palikuwa na mkusanyiko ambao mwenyewe alikuwa ameutengeneza kwa miaka zaidi ya 20: maelfu ya vitabu, vingine vilivyochapwa kabla ya 1900, nyaraka, stempu, samani za Pwani, vinyago vya Afrika Magharibi. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwepo. Angeuza, akajipatia utajiri wa kula hadi vitukuu. Murumbi aliamua mali hiyo haitoki Kenya. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba hiyo pamoja na vitabu na sanaa, kwa makubaliano kwamba nyumba igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika. Wanafunzi wangekuja hapo, watafiti wangekuja, watoto wa shule wangekuja.

Hiyo ndiyo ndoto. Sasa sikiliza kilichotokea.

Taasisi haikuwahi kufunguliwa. Vitabu na sanaa vilihamishiwa Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa na nyumba ikaachwa bila mwenyewe. Miaka ikapita. Hatimaye jumba likabomolewa na kiwanja kikaenda kwa wengine. Donovan alisimulia kwamba Murumbi alirudi siku moja kuona mahali pake, akakuta hata miti ya kiasili aliyoipenda imekatwa, na pigo hilo likamwangusha kiafya. Miaka yake ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu.

Alikuwa amejenga makao mengine huko Transmara, upande wa Lolgorian, katika shamba aliloliita Intona, ardhi ya watu wa mama yake. Kutoka kwetu Chepilat si mbali kihivyo, ni kuelekea Kilgoris na kusonga mbele kidogo. Jumba lile nalo lilikuwa kubwa na lilijaa sanaa. Lakini nalo halikuwa jumba la makumbusho. Kwa hivyo nyumba mbili ambazo Murumbi mwenyewe alizichagulia vitu vyake, hakuna hata moja ambayo mimi na wewe tunaweza kuingia leo tukaviona.

Alifariki 22 Juni 1990, siku 4 baada ya kutimiza miaka 79. Alizikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotaka. Sheila alifuata mwaka 2000, akalazwa kando yake. Hata hapo, wanyakuzi wa ardhi waliukodolea macho uwanja wa City Park, na ilibidi watu wasimame kidete ili kaburi la makamu wa rais lisije likamezwa na ukuta wa mtu. Leo pale kuna bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wasanii wa Afrika. Ukienda Jumapili utakuta familia zinapiga picha na tumbili wanaiba ndizi. Wengi hawajui wamesimama kwa nani.

Basi vitu viko wapi?

Viko mjini, na umepita mlangoni mara elfu. Sehemu kubwa iko Archives, pale kila mtu anapompangia mwenzake tukutane. Jengo lile la 1906 lilikuwa benki kabla ya kuwa hifadhi ya nyaraka. Ile ghorofa ya chini ina ukumbi wenye jina la Murumbi, na vitabu vyake adimu, takriban 8,000 vya kabla ya 1900, vimo mle mle. Wewe unasimama nje dakika 40 ukingoja mtu aliyekwambia yuko kwa kona. Ingia ndani ungojee humo.

Sehemu nyingine, ile ya nyumbani zaidi, ndiyo iliyo kwenye nyumba ya sufuri pale chini ya Nyayo House. Tangu 2013 vyumba vile vimehifadhi mkusanyiko wa Joseph na Sheila. Nakushauri uanzie hapo, kwa sababu ukubwa wake ni wa nyumba, si wa ikulu. Huna haja ya kujua lugha ya wasanii. Unakaribia kinyago hadi unaona alama ya patasi. Unaona stempu ndogo kama kucha ya kidole, na unawaza kwamba mtu aliyekuwa na nchi mkononi alikaa usiku akizipanga kwa kibanio.

Mara ya kwanza niliingia kwa sababu mvua ilininyeshea na sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimeacha chuo na sijawaambia nyumbani. Nilizunguka vyumba vile peke yangu nikakuta kibuyu, na kibuyu kile kingeweza kuwa cha nyanya yangu, sotet ile ile ya mursik iliyopigwa shanga, isipokuwa hiki kilikuwa nyuma ya kioo na taa inakimulika. Cha nyanya tulikuwa tumemwachia mchuuzi aliyepita Chepilat akinunua vitu vikuukuu, tukaongezwa na sahani za plastiki. Tuliona tumemshinda akili.

Hapo ndipo nilipomwelewa huyu mzee. Murumbi alifika mlangoni kabla ya yule mchuuzi. Hilo tu ndilo alilofanya maisha yake yote: kufika kabla ya mchuuzi. Serikali ilimwangusha, nyumba ilibomolewa, miti ikakatwa, na bado vitu viko hapa, kwenye nyumba ya mkoloni, katika mji wetu, na bei ya Mkenya ni nafuu kuliko ya mgeni.

Sikwambii uwe mkusanyaji wa sanaa. Kodi yenyewe inatushinda. Ila ukienda ushago krismasi, kabla hujaomba nenosiri la waifai, muulize nyanya kile kigoda kilichotupwa nyuma ya jiko kilichongwa na nani. Ukivuka barabara upande wa Nyamira, muulize mzee wa watu jiwe la Tabaka linachimbwaje. Andika. Piga picha. Usiuze.

Na ukirudi Nairobi, matatu ikikushusha, tembea hadi pale kilomita zinapoishia. Mtoto wa pande mbili amekuachia mlango wazi.